Sauti Iliyokuwa Mbele

Mtu wa kwanza kumwambia Kiyoe kwamba ana masikio mazuri alikuwa bosi wake, Ushiyama Tokiharu, na hakulisema jambo hilo kama wanaume wanavyolisema. Alilisema akiwa ameinama kando ya kiti chake, kipimo cha chuma mkononi, kile cha kupimia vyuma vidogo. Akampima sikio la kushoto kutoka juu hadi chini, kisha kutoka kwenye tundu hadi ukingoni, huku akinong'ona namba kama mtu anayesali.

"Usicheke," alimwambia. "Ukicheka sikio linapanda."

"Sikujua kama masikio hupanda."

"Yanapanda. Ya Yazaki akicheka hupanda mpaka kwenye kofia."

Yazaki, fundi mkuu wa karakana, akajibu kutoka kwenye mashine yake bila kugeuka. "Masikio yangu yaache, bosi. Yana nywele, yana kovu, lakini hayajawahi kuniangusha."

Karakana yenyewe ilikuwa mjini Okaya, kando ya Ziwa Suwa. Baba yake Tokiharu alikuwa akitengeneza humo meno ya saa. Mzee alipofariki, mwanawe aliachana na saa akaingilia maikrofoni, zile ndogo kama punje ya maharage. Wafanyakazi hawakuzidi sita. Kiyoe, binti wa familia ya Fujimori yenye duka la miso, ile rojo ya soya iliyochachushwa, alikaa dirishani akiunganisha nyaya nyembamba kuliko unywele. Alikuwa na mkono mtulivu na maneno machache.

Tokiharu alikuwa na sikio moja tu. Alipokuwa mtoto aliugua matumbwitumbwi, na ugonjwa ulipomtoka uliondoka na sikio la kulia. Aliweza kusikia kila kitu, lakini hakuweza kujua kinatokea wapi. Mtu akimwita barabarani, alizunguka pale alipo kama kuku aliyepigwa jiwe, anatazama huku, anatazama kule, mpaka mwitaji amshike bega. Watoto wa shule walimfanyia mchezo huo miaka na miaka. Walijificha nyuma ya ukuta wakaita, kisha wakafa kwa kicheko. Kwa hiyo alikua akiwaza jambo moja. Watu wengine husema sauti iko pale, iko nyuma ya mlango, iko juu ya paa, na husema bila hata kufikiri. Alitaka kutengeneza kitu kitakachosikia hivyo. Alitaka kichwa cha mpira chenye ukubwa wa kichwa cha mtu, na masikio ya mtu, na ndani ya kila sikio maikrofoni moja, ili atakayevaa hedifoni asikie dunia nzima ikiwa imemzunguka, kila sauti mahali pake.

Masikio ndiyo yaliyomsumbua. Alikuwa amepima ya wafanyakazi wote, ya kinyozi, hata ya mtawa wa hekalu la jirani. Ya Kiyoe yalikuwa na mikunjo iliyo wazi na ya kina, na la kulia lilifanana na la kushoto kama mapacha.

Siku ya kuyatolea umbo, walimlaza Kiyoe ubavu kwenye meza ya kufungia bidhaa, wakamziba tundu la sikio kwa pamba, wakammiminia plasta. Plasta ilianza baridi kisha ikapata joto. Kwa upande ule hakusikia kitu tena isipokuwa damu yake mwenyewe. Tokiharu alikaa karibu, kiganja kimeshika plasta isiteleze, na hakukiondoa mpaka ilipokauka.

"Inauma?"

"Haiumi."

"Unasema kweli au unanionea haya?"

"Nasema kweli. Ingeuma ningesema."

Baadaye aliyakumbuka maneno hayo kuliko alivyoyakumbuka ya posa. Posa ilikuja kabla ya mwaka kwisha, na mji ulipata cha kuongea. Mama yake Kiyoe alicheka mpaka akashika mbavu. "Wenzake wanaangalia uso, wanaangalia mikono. Huyu wangu amepata mchumba wa masikio!" Yazaki naye, tangu siku ya harusi, alikipa kile kichwa cha mpira jina la Shemeji. Akiingia asubuhi hukisalimu kwanza. "Shemeji, umeamkaje? Umepewa chai?"

Kazi ya kusikiliza ikawa ya Kiyoe. Hakukuwa na namna nyingine, kwa sababu bwana mwenyewe hangeweza kuijaribu mashine yake. Walikiweka kichwa uani juu ya kigoda. Tokiharu alikizunguka akigonga vibao viwili vya mti, mara mbele, mara ubavuni, mara nyuma ya kisogo, mara akiwa amepanda ngazi. Yote yalinaswa kwenye kanda. Kisha Kiyoe alivaa hedifoni chumbani, akafumba macho, akawa ananyoosha kidole kule anakosikia. Hakukosea. Kidole kilizunguka hewani kikimfuata mumewe aliyekuwa amezunguka uani saa moja kabla, na Tokiharu, akiwa ameshika karatasi yake ya mpangilio, aliona kila mara kidole kikienda pale alipokuwa amesimama. Siku ya kwanza alitoka nje, na Kiyoe alimwona kupitia dirishani akijifuta uso kwa kofia.

Yazaki alipovaa hedifoni hizo hizo, alikunja uso.

"Bosi, ubavuni sawa. Nyuma sawa. Lakini mbele hakuna mtu."

"Hakuna mtu vipi? Mimi mwenyewe nilisimama mbele."

"Basi umenihamia kisogoni. Kila cha mbele nakisikia nyuma."

"Wewe hata mkeo akikuita ukiwa baa husikii."

"Mke wangu namsikia. Sigeuki tu," alisema Yazaki, na wote wakacheka. Lakini alivua hedifoni akaziangalia kwa muda kabla ya kuziweka chini. Jioni ile alimfuata Kiyoe kwenye bomba la maji.

"Mama, wewe kweli unamsikia mbele?"

"Mbele kabisa. Kama wewe ulivyo hapo."

Yazaki akajikuna shingo. "Basi mmoja wetu ana wazimu, na mimi sijioni kama nina wazimu. Wewe nawe huonekani."

Walijaribiwa wafanyakazi wengine wawili. Mmoja alisema sauti iko nyuma. Wa pili alisema iko ndani ya fuvu lake na inamwasha. Tokiharu akaamua kwamba hawana mazoezi. Kusikiliza ni ufundi, alisema, na mwenye ufundi huo ni Kiyoe. Siku hiyo alimwuliza mkewe mara moja tu, macho kwa macho, na Kiyoe akamjibu alichosikia. Likaishia hapo.

Majira ya baridi yaliyofuata, ziwa liliganda lote. Barafu ilipopasuka, ikaanza kunguruma kutoka ng'ambo kuelekea Okaya kama gari moshi linalokuja chini ya sakafu. Alfajiri wakampeleka Shemeji ufukoni kwa sleji, kigari cha kuteleza barafuni, amefungwa skafu shingoni. Watu waliokuwa wakivua samaki wadogo kwenye matundu ya barafu waliacha nyuzi zao wakaja kuangalia.

"Amekufa lini huyu?" mmoja aliuliza.

"Bado," akajibu Yazaki. "Ila hana hamu ya kula."

Kanda ile ilikuwa bora kuliko zote. Kiyoe alipoisikiliza nyumbani, mngurumo ulitoka mbali mbele yake, ukaja, ukaja, ukapita chini ya magoti yake, naye bila kujijua akakunja miguu juu ya mkeka. Tokiharu alimwona. Akasema, "Tunakwenda Tokyo."

Kule Tokyo walipokelewa kwenye chumba cha mikutano cha kampuni moja kubwa ya utangazaji. Mabwana wenye suti walijipanga upande mmoja wa meza ndefu, kila mmoja na hedifoni zake. Mwisho wa meza alikaa Kiyoe, amevaa kimono chake cha kijivu, naye amepewa hedifoni kwa heshima. Kanda ilianza na sauti ya Tokiharu mwenyewe, iliyonaswa uani kule Okaya: "Mabwana, karibuni. Niko mbele yenu."

Mabwana wote wakageuka nyuma.

Hawakugeuka kwa mzaha. Waligeuka kama mtu anavyogeuka akiitwa, na walipoona ukuta mtupu wakatazamana. Mmoja akaanza kucheka, mwenzake akamfuata. Mngurumo wa barafu ulipoingia walikuwa wameshajua cha kutegemea, na baadhi walishika visogo vyao kwa utani kama watu wanaokaribia kukanyagwa. Mkubwa wao, mzee mwenye nywele nyeupe na adabu nyingi, alivua hedifoni taratibu.

"Inapendeza sana, Bwana Ushiyama. Lakini mbona unatusalimia kwa mgongo?"

Tokiharu alisimama pale, mikono imening'inia. Kiyoe aliona shingo yake ikiwa nyekundu hadi kwenye kola. Akasema, na sauti yake mwenyewe ikamshtua, "Lakini yuko mbele. Mimi namsikia mbele."

Mabwana wale walimgeukia, na katika nyuso zao hakukuwa na ubishi wala dharau. Walikuwa na huruma. Walimtazama kama watu wanavyomtazama mke anayesimama mlangoni kuwaambia wageni kwamba mumewe hajalewa, amechoka tu. Mzee akamwinamia kidogo. "Bwana Ushiyama ana bahati," alisema. Chai ikaletwa.

Ndani ya gari moshi la kurudi, vyakula vyao vya boksi vilibaki vimefungwa magotini. Milima ilipita, mahandaki yakapita. Walipokaribia mji wa Kofu, Tokiharu akazungumza, akitazama dirishani.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Tangu lini unanidanganya?"

Kiyoe alihisi kama amemwagiwa maji. "Sijakudanganya hata siku moja."

"Yazaki alisikia nyuma. Wale wawili hawakusikia mbele. Leo chumba kizima kimesikia nyuma. Ni wewe peke yako. Uliniona nina hamu, ukaninyooshea kidole pale ninapopataka."

"Ningejuaje ulipopataka? Nilifumba macho!"

"Unanijua. Mimi huanza mbele kila mara."

Hakupaza sauti. Angepaza, Kiyoe angekuwa na cha kujibu.

Nyumbani mambo hayakutulia. Tokiharu alianza kumjaribu upya. Alikata kanda vipande vipande, akavichanganya, akaviunganisha bila mpangilio, akamketisha stoo kila baada ya kazi. Kiyoe alinyoosha kidole, na kidole kilikuwa sahihi. "Umeshakariri," Tokiharu alisema, akakata tena, akachanganya tena. Wiki zikaenda hivyo. Mvua za mwanzo wa majira ya joto zikaingia, stoo ikanuka mpira na ukungu. Kiyoe alikuwa na mimba kubwa, mtoto akimpiga mateke chini ya mbavu, na hedifoni zilimbana kichwa mpaka akaota kwamba zimeota kichwani mwake.

Alasiri moja kilichezwa kipande kimoja kifupi, sauti ya mumewe ikisema tu, "Niko hapa." Ilikuwa mbele, wazi, umbali wa mkono. Kiyoe alifumbua macho akamwona Tokiharu mwenyewe amekaa mbele yake hivyo hivyo, amekonda, penseli mkononi, akingoja kama mtu anayengoja kunyolewa.

"Iko wapi?"

"Nyuma," Kiyoe akasema.

Penseli ikasimama. "Rudia."

"Iko nyuma. Siku zote ilikuwa nyuma."

Tokiharu alitoa pumzi ndefu, kama aliyetolewa mwiba uliokaa siku nyingi. Akainamisha kichwa. "Ahsante," alisema, na alimaanisha. Akazima mashine, akamfunika Shemeji kwa shuka, akamsukuma kwenye kona. Siku hiyo alikula vizuri, bakuli mbili, na Kiyoe akadhani amenunua amani.

Hakujua amenunua nini. Mumewe hakuwa mtu wa kupiga wala wa kutukana. Aligeukia vipuri vya kamera, akaitunza karakana isife, akambeba mtoto wao Nahoko mgongoni kuliko baba wengine walivyobeba. Lakini ndani ya nyumba ile neno moja lilipata maana mpya. Kiyoe akisema koti jipya linamkaa vizuri, Tokiharu alijitazama kiooni akauliza, "Linanikaa kweli, au linanikaa mbele?" Akisema supu haina chumvi nyingi, "Hiyo ni kweli, au ni mbele?" Alisema kwa utani. Wageni walicheka bila kuelewa. Nahoko alikua akilisikia, na alipofika umri wa kuvaa sare za shule ya wasichana, alisimama mbele ya mama yake akageuka huku na huku. "Mama, nimenenepa? Usiniambie mbele." Kiyoe alikwenda kuosha mchele. Aliuosha mpaka maji yakawa meupe, yakawa safi, na bado akaendelea kuuosha.

Mara kadhaa alitaka kusema. Lakini angesema nini? Kwamba alidanganya siku ile moja na kusema kweli siku nyingine zote? Mtu akishakiri uongo, nani atampangia upi ni upi? Na yeye mwenyewe, kadiri miaka ilivyozidi, alianza kujitilia shaka. Labda kweli alikuwa akisikia kile alichotaka mumewe asikie. Labda upendo huingia masikioni pia. Yazaki, ambaye angeweza kumsaidia kulifikiri jambo hilo, aliondoka kwenda kiwanda kikubwa. Akawa anapita mwaka mpya tu na mikate ya mchele, na hakumwita tena mtu yeyote shemeji. Alikufa ghafla akiwa anaondoa theluji mlangoni kwake.

Nahoko alikwenda kuolewa Nagoya. Karakana ikafungwa, kwa kuwa hapakuwa na wa kuirithi. Tokiharu akazeeka, na sikio lake moja nalo likaanza kufifia, ikabidi Kiyoe azungumze naye akiwa ameketi upande wa kushoto.

Ndipo alipokuja Daktari Hatakeyama. Alikuwa mwanamke wa makamo kutoka chuo kikuu cha kaskazini, mcheshi, mwenye kigari kidogo kilichojaa masanduku. Alikuwa akikusanya vichwa vya zamani vya kunasia sauti kabla havijatupwa, na mzee mmoja wa kiwanda fulani alikuwa amemtajia jina la Ushiyama. Kiyoe alimfungulia stoo. Mpira wa Shemeji ulikuwa umeyeyuka kuwa kama asali, pua imeanguka, lakini masikio, yaliyotengenezwa kwa mpira mgumu zaidi, yalikuwa mazima.

"Jamani, kazi nzuri iliyoje!" Hatakeyama alipiga magoti kwenye vumbi. "Masikio haya ni ya nani?"

"Yangu," Kiyoe akasema, na ilikuwa kama anakiri kosa.

Waliingia ndani, Tokiharu alikokuwa amekaa, magoti yake yakiwa chini ya blanketi la meza yenye joto. Hatakeyama aliongea kwa sauti kubwa na polepole, akimweleza mzee kazi zao za sasa. Siku hizi, alisema, huhitaji plasta. Simu inapiga picha sikio, kompyuta inahesabu mikunjo yake, halafu mtu anatengenezewa sauti yake mwenyewe, isiyomfaa mtu mwingine. Akaomba ruhusa awaonyeshe. Alipiga picha masikio ya kichwa, ya Kiyoe, na ya kwake mwenyewe, akachezea kompyuta yake. Kwenye kioo ikatokea mistari mitatu ya rangi, inayopanda na kushuka kama milima.

Tokiharu akavaa miwani. Sikio lake lilikuwa limechoka, lakini michoro ya namna hiyo aliisoma maisha yake yote.

"Huu ni wa nani?"

"Wa kichwa."

"Na huu unaopanda juu yake?"

"Wa mama hapa. Umeachana kidogo pale mwishoni, kwa kuwa masikio hukua kwa uzee. La sivyo ni mmoja."

"Na huu uliopotea huku chini?"

"Wangu mimi."

Mzee alifuata mstari huo kwa kidole. "Kwa hiyo wewe ukivaa hedifoni ukasikiliza kanda yetu..."

"Nimeshaisikiliza, mzee! Nakala yake ilibaki kwenye ghala la utangazaji. Ulinisalimia kisogoni, nikageuka." Hatakeyama alicheka. Hakuna aliyecheka naye.

"Na yeye?"

"Mama? Yeye lazima akusikie mbele. Hicho kichwa kinasikia kwa ajili yake tu. Wengi wetu tukivaa masikio ya mwenzetu, mbele na nyuma vinabadilishana. Ubongo umezoea mikunjo yake mwenyewe." Akamgeukia Kiyoe kwa furaha. "Ungependa kujaribu?"

Kiyoe alijaribu kwa sababu ya adabu. Sauti ya mumewe akiwa kijana ilimjia, imepanda juu kidogo, kama mtu aliyenyanyuka kitini. Lakini ilikuwa palepale. Akanyoosha kidole bila kuambiwa, na alipofumbua macho aliona Tokiharu akikitazama kidole hicho.

"Mambo haya yalijulikana lini?" mzee akauliza.

"Kwamba masikio hutofautiana? Watu walianza kulisema miaka ile ile mliyokuwa mkitengeneza hiki. Kumpa kila mtu ya kwake, hilo ndilo la juzijuzi."

Hatakeyama akaondoka na Shemeji amefungwa kwenye blanketi kiti cha nyuma. Kiyoe alirudi ndani akakaa upande wa kushoto wa mumewe, kama kawaida. Chai ilikuwa imepoa.

"Yazaki alisikia nyuma," Tokiharu alisema.

"Ndiyo."

"Wewe mbele."

"Ndiyo."

"Na wote wawili mlisema kweli." Alikuwa akisugua magoti yake. "Ningewaamini wote wawili kwa pamoja, hata siku moja tu, ningejiuliza ni kwa nini. Ningekuja kupima tena masikio ya Yazaki. Kipimo kilikuwa mkononi mwangu. Mimi nikamtafuta mwongo."

Kiyoe alimsogezea kikombe.

"Lakini ulisema nyuma," akasema mzee ghafla, akimgeukia. "Kule stoo. Ulisema siku zote ilikuwa nyuma."

"Nilichoka, baba. Nilikuwa na mimba, hedifoni zinanibana, na wewe huli. Nilisema unachotaka ili tuinuke pale."

Tokiharu alivua miwani. "Kumbe hilo ndilo nililoliamini," alisema.

Kiyoe alikuwa amewaza, katika miaka yote ile, kwamba ikitokea siku ukweli ukajulikana atajisikia mwepesi. Badala yake ilimpanda hasira asiyojua ilikuwa imelala wapi. Akaificha mikono chini ya blanketi.

"Umenifanya mwongo ndani ya nyumba yangu," alisema. "Kila siku. Kwa utani, mbele ya wageni. Mtoto wangu nimemlea akijua kwamba neno la mama yake ni la kumfariji mtu tu. Nikimwambia ni mzuri haamini. Nilipomwambia yule bwana anayemtaka hamfai, hakuamini. Amerudi hapa na macho mekundu mara ngapi? Mimi nilisema kweli, Tokiharu. Tangu ulipouliza kama plasta inauma, nilikuwa nasema kweli."

Hakuwa amemwita kwa jina tangu Nahoko azaliwe. Mzee akasogeza meza, akapiga magoti, akaweka viganja kwenye mkeka, akainama mpaka paji la uso likagusa chini. Mke mwingine angemwambia, inuka, imetosha. Kiyoe aliutazama upara wake na madoa yake ya uzee. Akawaza kwamba na yeye anadaiwa kuinama, kwa ule uongo mmoja. Lakini mwili ulikataa. Alikaa hivyo mpaka mumewe alipoinuka mwenyewe, kwa tabu, akishikilia ukingo wa meza.

Baada ya hapo waliishi pamoja majira ya baridi mawili. Tokiharu alijitahidi. Lile neno hakulitamka tena kwa maana yoyote, hata alipotaka kumwelekeza dereva wa teksi. Kiyoe akisema leo kuna upepo, yeye aliitikia haraka mno, "Ndiyo, ndiyo, upo," hata kabla hajachungulia nje, na haraka ile nayo ilimuuma Kiyoe. Ilikuwa kama kuishi na mgeni mwenye adabu. Kisha sikio lake likafa kabisa, wakawa wanaongea kwa mikono. Aliaga dunia theluji ilipoanza kuyeyuka, usingizini, bila kuomba kitu.

Nahoko alikuja kwa mazishi. Siku ya kugawa nguo za marehemu, mama na binti wakiwa wamezungukwa na makoti, Kiyoe alimweleza habari yote, tangu plasta hadi ile mistari ya rangi. Alieleza polepole, kwa mpangilio, ili asiache kitu. Nahoko alisikiliza huku akikunja sweta.

"Kwa hiyo ile kanda ilikuwa na hitilafu?" aliuliza.

"Haikuwa na hitilafu. Mimi niliisikia vizuri. Wao ndio hawakuisikia."

"Sawa, mama." Nahoko alimshika mkono, akaupapasa kama anavyopapaswa mtoto aliyeota vibaya. "Usijitese. Baba mwenyewe alijua ulikuwa unampenda. Ulitaka tu asivunjike moyo, basi."

Kiyoe alimtazama binti yake, uso wake wa upole, uliochoka kwa safari. Aliona kwamba akianza upya atapapaswa tena.

"Hilo la kahawia lina nondo," alisema. "Liweke kando."

Nahoko akalinyanyua koti lile la kahawia, akaligeuza kwenye mwanga, akaanza kutafuta matundu.